Sentensi Tatu na Mwavuli

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Nakuona kama vile nipo hapo: umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, mguu wa kushoto umeuweka juu ya stuli, na chai umeisahau mpaka imepoa. Macho yanaendeleaje? Yale matone bado yanawasha? Na goti je, limeacha kugoma kwenye ngazi, au ndiyo kwanza linaongeza madai? Mimi ni mzima, mama. Nakula, nalala, na kile kikohozi kimeniacha. Mikono tu imepata malengelenge mapya ya pasi, lakini hayo si habari tena.

Dada, shikamoo na wewe. Najua ni wewe unayesoma, kwa sababu mama siku hizi hata jina lake mwenyewe halioni kwenye karatasi. Nakuomba usome taratibu, na usiruke. Nakujua tangu utotoni, hata vitabu vya hadithi ulikuwa unafunua mwisho kwanza. Mama, kurasa ni tano na zote nimezitia namba. Akimaliza, zichukue uzihesabu kwa vidole vyako mwenyewe. Ukikuta nne, mwulize ya tano imekwenda wapi. Unaona, hata nikiwa mbali siachi uchokozi.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata salama. Umeniambia kwamba dada anahamishwa kikazi, kwamba mwisho wa mwezi huu zahanati inampeleka mji mwingine, na kwamba hakuna wa kukutia dawa ya macho asubuhi na jioni ila mimi, mkono wako wa kulia. Umetaka niache kazi nirudi nyumbani. Nikwambie ukweli, sikufikiri mara mbili. Kesho yake nilimfuata msimamizi wetu hapa hotelini nikamweleza. Alinuna, akalalamika kwamba kila akimfundisha mtu kunyoosha shuka mtu huyo humkimbia, kisha akanitaka nilete barua ya kuacha kazi kwa maandishi. Niliiandika siku hiyo hiyo. Mpaka leo iko chini ya godoro langu, sijaipeleka. Nimeshika kalamu ili nikueleze kwa nini.

Kuna jambo nilikuficha, mama, na nilikuficha kwa nia njema. Ni mwezi wa nane sasa nasoma Kiingereza. Nilitaka iwe zawadi. Nilijiwazia siku moja nakuja likizo, nachukua zile karatasi zinazokuja ndani ya maboksi ya dawa zako, nakusomea moja kwa moja, na wewe unabaki mdomo wazi. Tena pale mapokezi wanaajiri watu wanaokijua, na mimi nimechoka kuishi katikati ya mvuke. Kabla sijasafiri niliwahi kumgusia dada habari hiyo. Alinikatisha tamaa kabisa. Alisema mimi ni mtu wa mikono, si wa vitabu, nitapoteza muda wangu bure. Iliniuma.

Aliyenipeleka darasani ni mlinzi wa lango letu, ambaye naye anasoma. Darasa liko ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari, na harufu ya grisi inapanda mpaka kwenye madaftari. Tunaingia saa kumi na moja jioni, mara tatu kwa wiki, watu tisa tu, kila mmoja na uchovu wake. Mwalimu ni mzee mmoja mstaafu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Jina lake halitumiki, wote tunamwita Bwana Sentensi. Dada, najua hapo umemeza mate. Meza, halafu uendelee.

Bwana Sentensi ana utaratibu wake ambao sijausikia kwingine. Haamini kamusi peke yake. Anasema neno la kigeni halikai kichwani mpaka limeshikana na jambo la kweli la maisha yako. Basi kila wiki anatoa neno moja, na kila mwanafunzi anatakiwa aandike sentensi tatu zenye neno hilo, zote za kweli, zimhusu yeye mwenyewe. Sentensi zinaandikwa kwenye daftari kubwa jeusi la darasa. Jina haliandikwi, mtu anaweka alama yake tu chini. Mlinzi huchora filimbi, mimi nachora pasi. Hayo madaftari anayatunza kabatini miaka nenda miaka rudi, na kabla hujaandika zako ni lazima usome walizoandika waliokutangulia juu ya neno hilo hilo, ili ujifunze na usiige. Watu wanaandika mambo mazito humo, mama, usione ajabu. Ni kama lugha ya wageni inawafungua vifua. Mambo ambayo mtu hawezi kuyasema nyumbani kwao anayaandika pale, akijua kwamba kwao hakuna atakayekuja kuyasoma.

Wiki mbili zilizopita alituandikia ubaoni neno "vow". Akauliza nani analijua. Mlinzi akajibu haraka kwamba ni ahadi, na akatoa mfano wake kwamba yeye ameweka hiyo "vow" ya kunywa chai saa nne. Bwana Sentensi alivua miwani, akamwuliza kama chai yake huinywa amepiga magoti. Tulicheka mpaka watu wa dukani wakatugongea dari kwa ufagio. Kisha akatueleza. Alisema ahadi ya kawaida ni ya kila siku, nitakuja, nitakuletea, nitapika, na ukiikosa unaomba radhi yanaisha. Kiapo cha mahakamani nacho Waingereza wana neno lake jingine. Hili la "vow" ni nadhiri, ni lile neno unalolitoa kwa moyo wako wote, mbele ya Mungu au mbele ya mtu unayemheshimu, hakuna anayekulazimisha, na baada ya hapo wewe si yule yule tena. Maharusi wanalo, watawa wanalo. Chai haina. Halafu akaandika vitenzi vitatu vinavyotembea nalo: unaiweka, unaitunza, unaivunja. Akasema sentensi zetu zifuate mpangilio huo, moja ya kuweka, moja ya kutunza, moja ya kuvunja.

Mimi nilirudi chumbani nikiwa nimeshapata zangu. Na hapa, mama, inabidi nimtaje mtu ambaye nyumbani kwetu hatumtaji.

Unamkumbuka yule fundi vioo. Kabla hajaenda kufanya kazi mbali alikaa nami kwenye ngazi za nyuma, akashika mikono yangu yote miwili, akasema kwa jina la Mungu kwamba ndani ya mwaka mmoja na nusu atarudi kunichukua, na kama harudi basi nijue amekufa. Nilingoja. Wewe ulikuwa umelazwa na kutolewa, umelazwa na kutolewa, dada yuko kazini, na mimi nakuogesha, nakulisha, na katikati ya hayo nahesabu miezi. Ulipita mwaka na nusu, ikapita miwili. Hakufa, maana watu walisema wamemwona. Wewe ulinifuta machozi kwa kanga yako, mama. Uliniambia wanaume ni hivyo hivyo, nimshukuru Mungu kwa kunionyesha mapema. Nilikuamini. Nikafunga moyo wangu, nikatupa picha yake moja niliyokuwa nayo kwenye moto wa kuchemshia maji yako ya kuoga.

Kwa hiyo sentensi zangu zilikuwa tayari. Kuna mtu aliniwekea nadhiri. Mimi niliitunza. Yeye aliivunja. Nilijiona nimeweza kweli kweli, hata nilitamani siku ya darasa ifike.

Siku ilipofika niliwahi, nikafungua kabati, nikatoa daftari la zamani lenye neno letu. Nilisoma ukurasa wa dereva aliyeacha pombe. Nikasoma wa mama mmoja aliyeapa kutorudi kwa mumewe. Nikafunua ukurasa mwingine, na kabla sijasoma neno hata moja nikaona pale chini mwavuli. Mwavuli mdogo umefunguliwa, mpini umepinda, matone matatu ya mvua juu yake. Mama, mwavuli huo naujua kuliko uso wangu. Dada anauchora tangu darasa la tatu, umo kwenye madaftari yake yote, umo kwenye kona ya kila barua unayonitumia wewe, hata hiyo ya mwisho. Nikakumbuka kwamba dada aliishi mji huu miaka miwili kabla yangu, na Kiingereza chake cha zahanati alirudi nacho kutoka huku. Hakuwahi kuniambia alikisomea wapi. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Nilisema moyoni, kumbe dada naye alikaa kwenye benchi hizi zinazochana sketi.

Sentensi ziko tatu. Naziandika kwa Kiswahili, mama, ili uzielewe, na dada atanisahihisha nikikosea.

Ya kwanza: Nilimwekea mama yangu nadhiri kwamba sitamwambia mdogo wangu kamwe kuwa mchumba wake alirudi kumchukua siku ile tuliyopaka nyumba rangi.

Ya pili: Nadhiri hii nimeitunza kwa miaka mitano, na kila mdogo wangu anapolia naitunza upya.

Ya tatu: Siku atakayoniuliza, nitaivunja.

Nilisoma mara ya kwanza nikasema sijaelewa. Ndiyo siku pekee maishani niliyofurahi kwamba Kiingereza changu ni kibovu. Nilichukua kamusi nikatafuta neno moja moja, hata yale ninayoyajua, hata "mother", yaani mama. Yote yalikuwa vile vile. Nikamwita mlinzi anisomee, akasoma, akanitafsiria yale yale, kisha akaona uso wangu akafunga daftari taratibu na kwenda kukaa. Bwana Sentensi alipofika aliniuliza niko tayari kuandika. Nilimwambia sentensi zangu zimeharibika.

Siku tuliyopaka rangi naikumbuka yote. Rangi ilikuwa ya krimu. Ilipobaki ukuta wa barazani ulinituma dukani nikaongeze kopo moja, ukasisitiza nisichukue la duka la karibu, niende mpaka kule barabara kuu kwa sababu kuna nafuu. Niliporudi, kwenye fremu ya mlango palikuwa na alama ya kiganja, kipana, kimeegemea rangi mbichi. Nilicheka nikauliza ni nani huyo ameacha sahihi yake. Dada aligeuka akaingia ndani. Wewe ulisema ni muuza maji. Ukachukua brashi mwenyewe, na wewe daktari alikukataza kunyanyua mkono, ukapaka pale mara mbili, mara tatu. Mpaka leo ukisimama ubavuni mwa mlango jua likiwa upande wa pili, kile kiganja kinaonekana. Nimepita mlango ule miaka sita baada ya hapo. Nimeufuta vumbi kila Jumamosi.

Nimejaribu kukutetea, mama. Siku tatu nilipiga pasi huku nakutetea. Nilisema ulikuwa mgonjwa. Nilisema uliogopa kubaki peke yako, na nani asiyeogopa. Kama ungeniambia unaogopa, ningebaki. Ningelia, lakini ningebaki, au ningemwomba tuishi karibu. Wewe hukuniomba. Ulinichagulia, halafu ukanifuta machozi uliyoyasababisha mwenyewe, na mimi nikakubusu mkono. Hapo ndipo ninapochoka. Lile la kumfukuza mtu mlangoni pengine ningelimeza, ila la kunifariji juu yake nimeshindwa. Moyo wangu umevunjika, mama, na nakwambia hivyo bila kuzunguka kwa sababu nimechoka kuzungukwa.

Na sasa niungame langu, kwa maana na mimi si msafi.

Mwaka jana mafundi walikuja kubadilisha vioo vya korido yetu ya chumba cha kufulia. Nilikuwa nasukuma kikapu cha shuka, nikainua macho, nikamwona. Amenenepa kidogo, na kwenye nyusi ana kovu. Yule fundi vioo. Aliweka chini kioo alichobeba, akafuta mikono kwenye suruali, akanisalimia kwa heshima kabisa, kisha akaniuliza kama watoto hawajambo.

Watoto! Nilidhani ananidhihaki. Mtu aliyeniacha nikazeeka nikimngoja, anisimamie mbele aniulize watoto. Niliona giza. Nilimwambia kama ana haya hata chembe apotee machoni pangu. Alishangaa, akafungua mdomo, nikamgeuzia mgongo. Na sikuishia hapo, mama. Nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi nikasema fundi yule ananisumbua, ananigusa. Hakunigusa. Hata mkono hakuninyooshea. Adhuhuri ile ile alitolewa kwenye kazi mbele ya wenzake, na vifaa vyake akavibeba peke yake mpaka langoni. Mlinzi ndiye aliyemfungulia. Mimi nilisimama dirishani nikaona raha. Naandika neno hilo kwa aibu, lakini ndilo: raha.

Baada ya kusoma sentensi za dada ndipo swali lake lilinirudia. Mtu hawezi kumuuliza mwanamke habari za watoto ila ameambiwa anao. Alipokuja mlangoni pale siku ya rangi aliambiwa nimeolewa. Aliambiwa nimeshazaa. Akaegemea fremu, maskini, kama mtu aliyepigwa, na hakuona kwamba rangi ni mbichi. Alitimiza neno lake ndani ya mwaka na nusu aliouapa, na mimi nimemlaani miaka minane, kisha nikamtoa kazini kwa uongo.

Jumatatu niliomba ruhusa nikaenda kwenye duka la vioo alikokuwa ameajiriwa. Mwenye duka alisema baada ya malalamiko yale hotelini hakumpa kazi tena, naye akahama mji. Nilimweleza kwamba malalamiko yalikuwa ya uongo na kwamba muongo ni mimi. Alinitazama kama kichaa. Akasema fundi ana mke na binti mdogo, walipakia vyombo wakaondoka wote, na hajui walikokwenda. Sijamtafuta ili nimpate, mama, elewa hivyo. Ana nyumba yake, Mungu aitunze. Nilitaka tu kumwambia kwamba nilikuwa sijui. Nimeenda pia kwa msimamizi nikamweleza ukweli. Amenipa onyo la maandishi, na nafasi ya mapokezi nadhani nimeikosa. Sawa.

Sasa dada. Huu ndio ukurasa wa tano, na kama mama ameushika basi umekuwa mkweli mpaka hapa, nami nakushukuru. Sina hasira na wewe kiasi unachofikiri. Miaka mitano unaandika kwamba kila ninapolia unaitunza upya, na mimi nilidhani ukitoka chumbani ni kwa sababu kilio changu kinakuchosha. Uliandika kwamba nikikuuliza utaivunja. Sikukuuliza kwa sababu sikujua kwamba kuna swali. Leo nakuuliza. Alipokuja siku ile alisema nini? Mama alimjibu nini? Aliacha chochote, barua, neno, hata salamu? Lisome swali hili kwa sauti, kisha ulijibu hapo hapo, mama akikusikia, halafu uniandikie yote mliyosema. Mama, nakuomba usimkatize.

Kuhusu kurudi kwangu, ile barua ya kuacha kazi bado iko chini ya godoro. Sitakuacha bila dawa, sina moyo huo, na wewe unajua kwamba sina, ndiyo maana haya yote yaliwezekana. Nimezungumza na binti wa jirani yetu wa mkono wa kushoto, yule anayesomea uuguzi. Amekubali kukutia matone asubuhi na jioni tangu siku dada atakapoondoka. Mimi nitarudi au sitarudi kulingana na majibu nitakayopata, na majibu nayataka yaandikwe na dada, chini yake uwepo ule mwavuli, ili nijue ni ya kweli.

Nisalimie majirani wote. Mwambie fundi viatu wa pale kona kwamba zile ndala zake bado zinanivumilia. Usikae kwenye upepo, na chai inywe ikiwa ya moto. Nakupenda, mama, na hilo nalo linaniuma.

Ni mimi mwanao wa mwisho,
ambaye sijaolewa na sina watoto.